Kuomba mtoto apimwe elimu maalumu Marekani

Dada, mwalimu kukwambia kwa mdomo tangu Septemba kwamba mtoto “atapimwa” hakuanzishi kitu. Mwandikie mkuu wa shule: tarehe, jina la mtoto, darasa, na sentensi moja, “Naomba mwanangu afanyiwe tathmini ya elimu maalumu chini ya sheria ya IDEA.” IDEA ni sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Baki na nakala.

Ila zile siku 60 ambazo shule inapewa kukamilisha tathmini hazihesabiwi tangu barua, zinahesabiwa tangu shule ipokee idhini yako iliyosainiwa (majimbo mengine yana muda wao). Wengi hukwama hapo, fomu imejikunja chini ya begi la mtoto. Iulizie.

Mkalimani ni jukumu la shule, bure. Usimtumie kaka yake. Sisitiza pia apimwe kwa lugha anayoimudu. Akipimwa kwa Kiingereza tu, ugeni wa lugha unaweza kuonekana ulemavu, au tatizo halisi likafichika nyuma ya “bado anajifunza Kiingereza”.

Akikutwa anastahili, kikao cha kuandaa IEP, yaani mpango wake wa masomo, kifanyike ndani ya siku 30. Kusaini mahudhurio si kukubali huduma, kwa hiyo soma unachosaini. Wakikataa kumpima, wakupe sababu kwa maandishi.