Kusoma Uigizaji London Huku Ukitembea na Rafiki

Mdogo wangu, umeuliza utazigawaje wiki zako sita za kozi ya uigizaji jijini London, ilhali rafiki zako wanataka mzunguke mjini kila siku. Usiyatenganishe mno mambo hayo mawili. Ukumbi wa maigizo wa Shakespeare's Globe, uliofunguliwa mwaka 1997 karibu na pale uliposimama Globe ya awali ya 1599, huuza tiketi za kusimama uani mbele ya jukwaa, nafuu kuliko za viti, na hapo utaona kwa macho yako jinsi mwigizaji anavyozungumza na hadhira anayoitazama usoni, kwa kuwa hakuna giza la kuificha. Ua huo hauna paa na miavuli hairuhusiwi, hivyo chukueni makoti ya mvua. Baadaye fuateni ukingo wa mto Thames kwa miguu hadi National Theatre, ukumbi mwingine wa maigizo. British Museum, jumba la makumbusho, nayo haitozi kiingilio.

Lakini jioni za kuamkia mazoezi, tafadhali baki ukariri maneno yako. Mimi niliwahi kufika mazoezini nikiwa nimechoshwa na matembezi, na aliyeumia ni mwenzangu niliyeigiza naye. Wajulishe rafiki zako mapema siku hizo ni zipi.