Pishi ya mfuto

SWALI: Shikamoo Bibi. Jumapili padri alisoma Yakobo 5:4, ule mstari wa ujira uliozuiwa kwa hila, kisha akasema tunaowacheleweshea mishahara watumishi wa ndani tunajidanganya tukienda kupokea komunyo. Nina msichana wa kazi kutoka bara, ananidai miezi miwili. Lakini si tunaokolewa kwa neema? Hii si siasa madhabahuni? – Mama wa wawili, Mbweni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Miezi miwili! Umeitaja haraka kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa.

Kuhusu neema hukukosea. Waefeso 2:8 inasema hivyo hivyo, ila usifunge kitabu kabla ya mstari wa 10, tulioumbwa tutende matendo mema. Tazama Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri. Yesu alijialika kwake kabla hajarudisha hata senti moja. Alipokwisha kupokewa ndipo aliposimama mwenyewe: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hakudaiwa na mtu.

Mimi nimelijua hili kwenye karafuu. Tulikuwa na shamba Pemba, upande wa Wete, na jioni mimi ndiye mpimaji. Wachumaji tukiwalipa kwa pishi ya mfuto, yaani kipimo kinachofutwa juu kikawa sawa na ukingo, lakini nikipima naijaza mpaka zinachuruzika pembeni, na zilizomwagika mkekani ni zangu. Usiku nasoma Luka 6:38, kipimo cha kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika, namshukuru Mungu kwa ukarimu wake! Siku moja mama mmoja, Muislamu, akaweka kiganja juu ya pishi, akaifuta taratibu. “Bibi, na mimi nifutie.” Hakupandisha sauti. Siku ile nilimpimia sawa. Wa msimu wa nyuma sikuwapata wote mpaka leo. (Jirani yangu naye hunikumbusha Mtume wao alivyosema, mlipe mtu kabla jasho lake halijakauka.)

Siasa? Hapo Mbweni unapoishi misheni iliwapa makazi watu waliotolewa utumwani. Kanisa Kuu la Mkunazini, mjini Zanzibar, limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Askofu wetu wa zamani wa Zanzibar, Frank Weston, ambaye kwa kuheshimu sakramenti hakuwa na mfano, mwaka 1920 aliandika kupinga Waafrika kushurutishwa kufanya kazi chini ya Waingereza. Mwaka 1923 akawaambia Waanglikana wenzake London kwamba huwezi kudai unamwabudu Yesu kwenye tabenakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia komunyo kanisani, ikiwa humhurumii katika vibanda vya maskini. Naye tungemwambia aache siasa?

Basi mlipe wiki hii, yote, mkononi. Ikiwa huna yote, mwambie una kiasi gani na siku ya kumalizia, umwandikie kwenye karatasi abaki nayo. Kanga mpya si mshahara. Na muulize fedha zile humpelekea nani huko kwao.