Nywele kunyonyoka baada ya kujifungua

Dada, umesema mtoto ana miezi minne, nywele zinatoka kwa mafungu ukichana, na pembeni mwa paji la uso zimepungua. Hayo huenda ni matatizo mawili tofauti.

Okota nywele chache kwenye kitana uzitazame ncha. Zenye kinundu cheupe zimetoka na shina; zisizo nacho zimekatika tu, mara nyingi kwa ukavu au dawa ya kunyoosha. Kunyonyoka na shina miezi 2 hadi 4 baada ya kujifungua ni kawaida, kwani homoni zimeshuka. Hukoma kwenyewe, na nywele za wengi hujaa tena ndani ya mwaka. Mafuta ya bei ghali hayaharakishi chochote.

Pembeni ndiko kwa kushughulikia leo. Fumua misuko inayovuta: ikiuma au ikileta vipele, imebana mno. Ngozi iking'aa bila vitundu vya nywele, kovu limeshaingia na nywele hazirudi. Minoxidil, dawa ya kuotesha nywele, usiianze bila daktari maadamu unanyonyesha.

Ukiona viraka vya mviringo, magamba au usaha, muone daktari wa ngozi. Ukiwa na uchovu usioisha, omba vipimo vya damu vya madini ya chuma na tezi ya thairoidi iliyo shingoni.