Maswali yenu kuhusu bunduki, nimejibu niliyoweza

Serikali si itume jeshi tu ikusanye bunduki zote zilizo mikononi mwa raia, shida iko wapi?

Hiyo ilishafanywa ndugu yangu. Februari 1984 huko Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, wanajeshi walienda kuwanyang'anya watu wa ukoo wa Degodia silaha, wanaume wakarundikwa uwanja wa ndege wa Wagalla, siku kadhaa juani bila maji, na Tume ya Ukweli ya Kenya ikaja kusema waliokufa ni karibu 1,000. Sasa aliyepona pale atampelekea nani bunduki yake? Halafu hata bila mauaji, ukichukua za huku ukaacha za jirani, ng'ombe wanaibwa usiku huo huo.

Mwananchi wa kawaida atafanya nini mbele ya AK?

Turudi Wajir hapo hapo. Siad Barre, rais wa Somalia, alipoanguka 1991 silaha zikavuka mpaka kwa wingi, koo zikaanza kuuana, ikafika mahali mama wa ukoo huu haruhusiwi kununua wala kuuza kwa wa ukoo ule. Wamama wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, wakaanzia hapo hapo sokoni, yeyote aje auze maziwa yake, na wakaweka wamama wenzao wa kuangalia nani anamfukuza nani. Baadaye wakawaendea wazee, 1993 likatoka Azimio la Al-Fatah, yaani makubaliano ya amani kati ya koo, wafanyabiashara wakachanga, vijana wakaingia, na 1995 kamati yao ikaunganishwa na ya wilaya chini ya DC (mkuu wa wilaya). Hapo ndipo nawapigia saluti, maana serikali ilikuja kukalia kiti ambacho wamama walishakichonga, na wilaya zingine zikaiga.

Ukoo wa muuaji kulipa ngamia kwa ukoo wa marehemu, si ni kununua damu?

Kiasi, ndio. Azimio la Modogashe la 2001, makubaliano ya amani ya huko huko kaskazini mashariki, lilisema ngamia 100 kwa mwanaume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke (hiyo 50 inanichoma mpaka leo). Lakini anayelipa ni ukoo mzima, kwa hiyo wazee wanamkanya kijana mapema kabla hajawafilisi. Ubaya wake muuaji anaweza asione korti kabisa.

Hayo ni ya wafugaji, mjini je?

Chicago, mwaka 2000, mtaa wa West Garfield Park. Daktari Gary Slutkin, aliyewahi kupambana na magonjwa ya kuambukiza Somalia na Uganda, aliona risasi zinaambukizana vile vile, akaajiri watu waliotoka kwenye magenge waende kutuliza ugomvi kabla mtu hajalipiza. Na hawaripoti kwa polisi, ndio maana vijana wanawafungulia mlango.