Mafua ya mtoto yanavyoshuka kifuani

Dada, umeuliza imekuwaje mafua ya mwanao wa miezi 5 yakageuka kubanwa kifua siku ya nne. Kwa umri huo, mara nyingi ni kirusi kinachoitwa RSV. Kinaingia kwa pua au macho, mikono yetu wenyewe ikikibeba, kinazaliana kwenye utando laini wa pua, kisha kinateremka hadi vijia vyembamba kabisa vya hewa mapafuni. Huko seli zilizoambukizwa zinakufa na kubanduka, kuta zinavimba, makamasi yanajaa. Mtu mzima njia zake ni pana, mara nyingi anaishia kukohoa tu. Kwa mtoto hata uvimbe mdogo unaziba, ndiyo maana unasikia ule mluzi akitoa pumzi.

Antibayotiki haiui virusi, usikimbilie kuinunua. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara kwa mara.

Ila mfunue kifua umtazame akiwa ametulia, uhesabu dakika nzima. Akipumua mara 50 au zaidi, kifua kikibonyea chini ya mbavu kila akivuta hewa, au akikataa ziwa, mpeleke hospitali hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.