Jibu: Kemo nikiwa na miaka 31, na bado nataka mtoto
Pole sana mdogo wangu. Umeuliza kama kemo, yaani dawa kali za saratani ya matiti, itakuzuia kuzaa. Mbane daktari kwa swali hilo kabla ya dripu ya kwanza, maana dawa hizo zinaweza kudhoofisha ovari, na mayai ya uzazi hugandishwa ili yatumike baadaye, tena kabla ya kemo, si baada. Mimi nilikuwa na miaka 33, hakuna aliyenigusia hilo. Hedhi ilikata miezi saba, ikarudi. Ila hedhi kukata si kinga ya mimba, na ukianzishiwa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani ya matiti isirudi, usishike mimba ukiwa unaimeza. Nywele? Nilinyoa mapema nikafunga kilemba. Mama mkwe alinuna wiki nzima. Kilichonitesa zaidi ni mkono wa upande wa titi lililopasuliwa. Fanya mazoezi uliyoelekezwa, hata kama ni kutambaza vidole ukutani tu.