Maswali yenu: utandawazi unatuachia nini?

Wasomaji watatu wameniandikia, na maswali yao yanakaribiana.

Dada, mimi ni fundi cherehani Manzese. Wateja wanakimbilia mitumba. Kwa nini isipigwe marufuku?

Pole na kazi, fundi. Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Halafu kuna mama anayefungua belo pale soko la Karume, ambaye ada ya watoto inatoka humo. Mimi ningeanzia kwenye pamba: nyingi tunaiuza nje ikiwa imechambuliwa tu, haijawa hata uzi.

Kwetu ni Newala, sasa naishi Mbagala. Korosho tunalima sisi, mbona Vietnam ndiyo inayofaidika?

Swali hili linaniuma. Vietnam ilianza Doi Moi, mageuzi ya kufungua uchumi wake, mwaka 1986. Mwaka huohuo sisi, chini ya Mzee Mwinyi, tulikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza uchumi. Wote tulifungua milango. Wenzetu walijenga uwezo wa kusindika, na leo wananunua korosho ghafi Afrika, zikiwemo zetu, wanazibangua na kuuza. Hakuna nchi inayouza nje korosho zilizobanguliwa kuwazidi.

Sisi tulikuwa na viwanda vya kubangua huko kusini, vikajengwa kwa mikopo, vingi vikasimama. Ukimwona mama anayebangua kwa mkono utajua kazi ilivyo: ganda lina mafuta makali yanayobabua vidole, na kokwa ikivunjika bei inashuka. Ni kazi ngumu, lakini ina ujira. Gunia likipanda meli likiwa ghafi, ujira huo unalipwa Vietnam au India. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema utandawazi ni mbaya, wala na wanaosema soko litajipanga lenyewe. Kiwanda kinataka umeme usiokatika, mtaji wa kununua korosho msimu unapofunguliwa, na sera isiyobadilika kila mwaka.

Naendesha bodaboda Tabata. Mizigo ya Zambia na Kongo inapita bandarini kwetu, mimi inanihusu nini?

Inakuhusu, kaka. Lori likisubiri mzigo, dereva anakula kwa mama lishe, fundi anapata kazi, wakala wa forodha anapata chake, na hao wote ni abiria wako. Ila ubaya nao unapita njia hiyohiyo: petroli yetu yote inatoka nje, na bei yake ilipanda hata kwetu mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza. Kama unawaza kubadili chombo, angalia bajaji za gesi. Gesi ni yetu, ya Songo Songo na Mtwara. Kabla ya kununua, zungumza na wanaoziendesha kuhusu foleni za kujaza.